Rula ya Usoma

Jumatatu waliniletea kitabu cha risiti,
karatasi ya kaboni, mizani ya kuning'iniza
na rula ya plastiki, ya mwanafunzi, sentimita kumi na tano.
Wakaniambia: kuanzia leo, wewe ndiwe sheria.

Sheria yenyewe ni kurasa nne.
Inamwita uduvi. Hapa Usoma
hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Ni ochonga,
mwembamba kuliko punje ya mchele wa Ahero,
mwangavu kiasi kwamba ukimweka kiganjani
unaiona mistari ya mkono wako kupitia tumboni mwake.

Kampuni ya vizimba inamtaka.
Kule nje, ng'ambo ya magugu,
sato wanazunguka ndani ya nyavu
kama wafungwa waliotolewa kuota jua.
Tangu wazaliwe hawajafukuza kitu.
Wanangoja kumiminiwa,
na wanachomiminiwa ni ochonga: amekaushwa, amesagwa,
amechanganywa na pumba, ametiwa guniani
lenye picha ya samaki anayetabasamu.

Basi, kibali kwa kila taa.
Ndoo tatu kwa usiku.
Aprili na Mei, hakuna kutia wavu.
Na kifungu cha saba, ninachokipenda na kukiogopa:
jike mwenye mayai arudishwe majini akiwa hai.

Nani atawauliza, mmoja mmoja?

Pilista Abuto alifika saa kumi na moja alfajiri,
leso imelowa hadi kiunoni,
ndoo ya nne kaifunika kwa mafunjo
kana kwamba sijui kuhesabu,
kana kwamba si yeye aliyenifundisha kuhesabu
kwa vifuniko vya soda, mlangoni pake,
mwaka ule mama alipolazwa Russia.

"Andika tatu," akasema.
Nikasema, shangazi, hii ni ya nne.
"Andika tatu. Hiyo moja andika ilimwagika."

Ndege ya asubuhi ikapita juu yetu ikishuka, magurudumu nje.
Tukanyamaza wote, kama tulivyozoea,
kila mmoja ameshika neno lake mdomoni.

Nikatia mkono kwenye ndoo ya nne,
nikamtoa mmoja, nikamlaza juu ya rula.
Akaruka toka milimita ya nane hadi ya kumi na tisa,
akarudi, akapinda. Hakutaka kuwa namba.
Alipotulia nikaona, chini ya tumbo,
kishada cha mayai ya kijani,
na vijiguu vyake vikiyapepea,
nje ya maji, bado vikiyapepea,
kama mtu anayempepea mtoto mwenye homa
katika chumba ambacho hewa yenyewe imekwisha.

Pilista akainama. Miaka thelathini anavua kwa taa.
"Sijawahi kumwona," akasema.
"Huwa nawaona wengi tu."

Kisha akanyooka, akashika kiuno,
akaniuliza swali ambalo kurasa nne hazina:
lori la kampuni nalo hupimwa wapi?
Nilizisoma tena usiku ule, hata upande wa nyuma.
Ndoo imo. Taa imo. Jina la Pilista litakuwamo.
Lori halimo.

Nusu ya ndoo ya nne tuliimwaga,
tumesimama hadi magotini, hatusemezani.
Wengine walizama kama vumbi.
Wengine walielea, na wale hatukuwatazama.
Nusu iliyobaki sitaisema hapa.
Risiti namba kumi na nne inasema tatu na nusu,
na kaboni imenakili kila kitu,
hata doa la maji pale nilipoegemeza rula.

Saa mbili lori likaja.
Dereva akauliza, hakuna zaidi?
Nikamwonyesha rula.
Akacheka sana, akanipa hamsini ya chai.

Hiyo nayo nimeiandika.