Ubavu Mmoja

Sina mwezi. Nina siku kumi na mbili,
na kila siku muda wa dagaa kukauka ubavu mmoja
hapa mchangani Igombe, kabla sijawageuza.

Mwalimu Masalu alichukua kalamu, akakata mada saba.
"Hizi ziache, Nyanzobe. Kamata moli, asidi na besi.
D yako haiwi A. C inawezekana."

Nikazililia kidogo zile saba.

Sasa nafukuza yangeyange kwa mguu,
nagawanya gramu,
nakosea, narudia;
magamba yameganda pembeni mwa jibu.
Wingu likitokea Ukerewe nakurupuka,
dagaa kwanza, maana wana mwenyewe.
Daftari likilowa, basi,
huu ukurasa ninao tayari.