Dereva Hajapatikana

"Dereva hajapatikana," kompyuta yaandika.
Visvaldis, miaka thelathini na mmoja
akiendesha tramu mjini Riga,
acheka hadi miwani yamdondoka:
Mimi hapa! Wamtafuta nani?

Nje theluji. Magotini kokle,
zeze la marehemu kakaye, nyuzi kumi na moja
alizozikaza tangu alfajiri,
na kisanduku chekundu cha sauti
kimewaka taa, kimenuna.

Amechomoa waya, amechomeka.
Amemfukuza dereva wa zamani,
ameajiri mpya, amezima, amewasha.

Sasa sauti yaja, ila yachelewa:
agusa uzi, kimya,
ndipo mlio watokea mbio
kama abiria wa mwisho
na mlango umeshafungwa.

Apunguza bafa. Mia moja ishirini na nane:
mikwaruzo, magurudumu konani penye barafu.
Apandisha. Mia mbili hamsini na sita.
Shwari.

"Umefika?" Dzidra auliza toka jikoni.
"Bado kituo kimoja."

Abonyeza kitufe chekundu, na kwa mazoea tu,
kabla ya uzi wa kwanza,
kinywa champonyoka:
Jihadharini, milango inafungwa.

Hajaifuta.