Mtoto wa Meza

Jumamosi, saa tano kasoro, Isevya.
Fundi Mlekwa amenirudishia flashi
ameifunga kwenye kipande cha kitambaa cha suruali
kama mtu anayerudisha yai viza.
"Hii umeniuzia nini?"
Nyumba ya Hakimu, nikamwambia. Msimu wa nne. Yenyewe.
"Yenyewe haiko hivi."

Sikuwa na jibu. Nilikesha nayo mwenyewe,
sehemu zote nane, hadi adhana ya alfajiri,
chai ikaota utando kikombeni.

Mnaikumbuka ile meza?
Msimu wa kwanza, mjane wa hakimu alitoka makaburini,
akavua viatu, akakaa mbele ya meza ya marehemu,
akavuta mtoto wa meza. Hakufunguka.
Dakika nne nzima mama yule hakusema neno.
Dakika nne! Na hapa kwenye mabenchi yangu
watu kumi na saba, hakuna aliyekohoa.
Kalunde, nesi wa Kitete, akanong'ona:
"Ndivyo wanavyokaa. Nawaona kila wiki."

Misimu mitatu tukamlea yule mtoto wa meza.
Tukambashiria: barua, hati ya shamba, picha ya mke mwingine.
Mlekwa alishika lake: hamna kitu mle,
mume alifunga utupu ili aogopwe.
Umeme ukikatika, tulibishana gizani.

Sasa huu wa nne.
Dakika ya sita, nimehesabu,
anaingia kijana wa miwani ya jua, hatumjui,
anavunja kufuli kwa bisibisi,
na mle ndani mna almasi.
Almasi!
Halafu helikopta. Halafu pacha wa hakimu.
Na mjane aliyechechemea mguu wa kushoto
tangu siku ya kwanza, tukapanda naye ngazi moja moja,
leo anakimbia juu ya mapaa kama paka wa sokoni.
"Kaponywa na nani?" Kalunde anauliza. "Wanielekeze hospitali."

Watu wa tumbaku wanaujua msimu mbovu.
Mvua inamwagika yote kwa mkupuo,
jani linanenepa, kwa mbali linapendeza,
ukilitoa kwenye bani mizani haishtuki.
Kapaya alitazama sehemu tatu, akajipangusa magoti:
"Hii imekuzwa kwa mbolea tupu."
Akaenda zake kufunga mbuzi.

Nimeudhika kuliko inavyostahili, najua.
Hakimu si wa ukoo wetu.
Mke wangu anasema, kodi ya kibanda unadaiwa
nawe unalilia meza ya watu.
Kweli.
Ila zile dakika nne
ndizo nilizoazima siku tuliyomzika baba.
Kabla ya hapo sikujua
kwamba mtu anaruhusiwa kunyamaza namna ile.

Mchana Nyanzobe, dada yangu, akapiga simu toka Mpanda.
Mwezi wa pili huu yuko kitandani, mimba inamsumbua,
ameambiwa asinyanyue hata ndoo.
Anangoja nimtumie flashi kwa mhudumu wa treni.
"Usinisimulie," akasema. "Nijibu moja tu.
Kafunguka?"

Nikaitazama flashi ya Mlekwa,
bado imo kwenye kitambaa chake.
Mtoto wa jirani alikuwa anachaji simu ya bibi yake,
ananitazama mdomoni.

"Bado," nikasema.

Akacheka. Nikasikia kitanda kikilia.
"Afadhali," akasema. "Maana huku nimeshamwambia huyu tumboni
asitoke kabla hatujajua."

Nimefuta sehemu zote nane.
Mlekwa amekataa hela yake,
ametaka msimu wa kwanza, nikamwekea.
Nyanzobe naye nimemwekea huohuo.
Nitamwambia wa nne umechelewa,
na mtu wa Mpanda haoni ajabu kitu kuchelewa:
treni inaondoka saa tatu usiku,
au saa itakayopenda yenyewe.