Saa ya Mwisho, Ijumaa

Somo hili nilipewa kwa sababu nilichelewa mkutanoni.
Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kadutu
na nilipofika, matope hadi magotini,
ratiba ilishagawanywa kama nyama ya sherehe,
kwangu ukabaki mfupa:
Elimu ya Maisha, mwaka wa nne, Ijumaa, saa ya mwisho.
Prefe alicheka. "Wewe si wa biolojia?
Maua, mbegu, ni vilevile."

Si vilevile.

Kitabu ni kimoja, cha shule nzima.
Ukurasa wa arobaini na moja umegandishwa na wa arobaini na mbili
kwa uji wa muhogo, kazi ya aliyenitangulia,
mtu wa Mungu, mwenye mkono mtulivu.
Niliubandua usiku kwa mvuke wa chai,
mume wangu akiuliza napika nini.
Mchoro ukatoka nusu.
Nusu ya pili niliichora ubaoni kwa kukisia.
Na mimi nani alinifundisha?
Dada yangu alinipa kitambaa, akasema: usicheze tena na wavulana.
Nikaacha kuruka kamba mwaka mzima.

Lakini majina ndiyo yaliyonitoa jasho.
Kwa Kifaransa ni somo.
Kwa Kiswahili ni tusi la sokoni.
Kwa Kishi ni kofi la mama, hata akiwa kaburini.
Nilitamka la Kifaransa, kisha la Kiswahili, polepole,
chaki ikanivunjikia mkononi,
vijana hamsini na wanane wakaangua kicheko
mpaka Mama Namwezi wa hesabu, darasa la pili,
akagonga ukuta kwa rula yake.
Mugisho alikuwa juu ya dawati.
Nshobole alifunika uso kwa daftari,
ila nililiona jicho moja, juu ya ukingo, likinakili.

Wiki iliyofuata nilileta kopo tupu la maziwa ya unga,
kifuniko nimekitoboa kwa kisu.
Andikeni, msiweke jina.
Wakaandika.

*Ukirukaruka baada ya tendo, mimba inatoka?*
*Mwalimu, wewe ulianza lini?*
*Mjomba akininunulia viatu, nina deni gani?*

Hilo la viatu sikulisoma kwa sauti.
Nililificha kwenye sidiria, likanichoma hadi Jumatatu,
nikapita kati ya madawati nikitazama miguu tu.
Viatu vipya vilikuwa jozi tatu.
Bado natazama.

Baba mmoja alikuja, kofia mkononi, hasira mdomoni:
"Nalipa prime ili umfundishe binti yangu uasherati?"
Sikumjibu vizuri.
Nilisema samahani, baba,
kisha nikajichukia ngazi nzima, hadi chini uwanjani.

Ijumaa ya tisa, karatasi iliyokunjwa mara nne.
Wino mwekundu.
Wanafunzi wetu huandika kwa bluu;
nyekundu ni yetu, ya kukata na kutoa alama.
*Nimezaa sita. Je, mwanamke naye anaruhusiwa kusema: leo sitaki?*
Ile k iliyoinama kama mtu anayechota maji
naijua. Iko kwenye kila karatasi ya matokeo ya hesabu.

Nilisoma swali, watoto sita nikawaacha ndani ya karatasi.
Nilingoja kicheko.
Mvua ikaanza kwenye mabati, tone moja moja.
Mugisho, yule yule wa dawati,
akasema chini, kama anayejiuliza mwenyewe:
"Kwani nani alisema haruhusiwi?"

Hakuna aliyecheka.
Na upande wa pili wa ukuta
hesabu nayo ilikuwa imenyamaza.

Anaruhusiwa, nikasema. Leo, na kesho, na akiwa na sita.
Nilisema kwa sauti kubwa
kuliko darasa lilivyohitaji,
mgongo kwa wanafunzi, uso ukutani.