Pole

Kura ni kuku, anasema Sista Halina,
nami nacheka: hapa Chamwino
kuku hutangulia, kura hufuata.
Kawa ni kahawa, si kifuniko cha ugali.
Baba ni mwanamke. Hapo nikafunga daftari,
nikatoka nje kupunga upepo.

*Dzień dobry* bado inaning'inia menoni
kama uzi wa mlenda uliokataa kukatika.

Jana baba, huyu wangu, mwenye ndevu,
alirudi na uwele wa kiganja kimoja;
mvua iliishia mawinguni tangu Januari.
Nikamwambia, pole.
Sista, aliyekuwa akimenya njugu,
akainua uso:
“Kwetu hilo ni shamba.”

Tukatazama nje, sote watatu.

Usiku nililiandika safu zote mbili:
pole, pole.