Kengele ya Simu Iliyozimwa

Oulu, Novemba. Saa tisa alasiri na giza limeshaingia.
Mezani simu mbili zimelala kifudifudi kando ya kahawa:
ya Inkeri, nyeupe, haina hata mkwaruzo;
ya Armas, imevaa gamba la mpira, kona moja imeatuka.
Wanangu wamekuja kula, na kubishana.

Yangu hainisumbui, asema Inkeri.
Mlango mmoja, bawabu mmoja, na bawabu ananijua kwa jina.
Armas anacheka: bawabu ndiye mwenye ufunguo, wewe mpangaji tu.
Yangu ni soko. Nikitaka kuhamisha ukuta, nahamisha.
Na sokoni kwako, dada anajibu, wezi wa mifukoni hawalipi kodi.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru.
Nakata mkate mweusi, nanyamaza.
Wanadhani mbio hizi zilianza na farasi wawili.
Kwenye droo ya vijiko
yupo wa tatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.
Ghorofa ya nne, dirisha linatazama maegesho na theluji.
Wenzangu waligombea rangi, kamera, milio.
Mimi na Reijo tukaachiwa kazi isiyo na mwenyewe: kengele.
Mtu akizima simu usiku, tulijiuliza,
alfajiri ataamshwa na nani?

Miezi mitano.
Tukakifunza kipande kidogo cha simu kisilale kabisa,
kama mzazi wa kichanga: mwili umezama usingizini,
sikio moja liko macho.
Simu imezimwa, baridi, haina neno,
na saa ikifika inajiwasha yenyewe, inalia,
kisha inauliza kwa adabu: niendelee kuwaka, au nirudi kulala?

Hakuna aliyepanda jukwaani kuitangaza.
Ilikuwa mstari mmoja, ukurasa wa sitini na moja,
katika kijitabu ambacho watu hutupa pamoja na boksi.
Lakini wauguzi wa zamu walijua. Waoka mikate walijua.

Kisha kikaja kioo.
Reijo alinyoosha mkono mkutanoni: na sisi je?
Watu hawataacha vitufe, walisema wakubwa. Kaa.
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Sisi tulilisikia,
tukavunjika yote mawili.

Sasa nawatazama hawa waliobaki.
Kampuni ya Inkeri hungoja. Huacha wengine waungue ulimi,
halafu huja na kijiko chake, hupuliza,
na uji uleule huuita uvumbuzi.
Ya Armas hujaribu kila kitu: simu ya kukunjwa, simu ya kalamu,
simu yenye macho manne mgongoni,
iliyosahaulika kabla ya Pasaka.
Mmoja huona aibu kukosea, mwingine huona aibu kunyamaza.
Nani mjinga? Usiniulize mimi.
Nawaonea wivu wote wawili.

Usiku Armas amelala kwenye sofa, viatu miguuni.
Treni yake ya Tampere ni saa kumi na mbili.
Simu yake inapokea toleo jipya: asilimia nne,
kiduara kinazunguka, na onyo: usiizime.
Kiduara kinazunguka.
Asilimia nne.

Nafungua droo. Nasogeza vijiko.
Betri bado inashika chaji, ya ajabu, kama kinyongo.
Natega saa kumi na moja na robo. Naizima.
Naiweka kwenye zulia, karibu na sikio lake.

Saa kumi nilikuwa macho tayari.
Sikuwa na shaka nayo. Nilitaka tu kuisikia.

Ililia.
Mkono wa mwanangu ukapapasa gizani,
kidole kikateleza juu ya vitufe, kikitafuta kioo cha kusugua,
kikateleza tena.

Mama! Hii inazimwaje?

Imezimwa, nikamwambia.
Imezimwa tangu jana.