Mchambuaji

Saa kumi na moja alfajiri, Njoro bado giza,
mama anakohoa.
Anavuta ndoo kutoka kisima kirefu,
kamba inakwaruza ukingo,
na kinachofika juu ni kijiko kimoja cha kijani.

Natega kikopo. Nakaza kifuniko. Naandika:
Ndeshukurwa Eliabu, miaka sitini na mitatu, Alhamisi.
Kazini mimi ni fundi wa maabara.
Hapa ni mtoto aliyeshika kikopo.

Kifua kikuu kilishapona. Mara mbili kilipona,
mara mbili tulichinja kuku.
Lakini mgeni yule aliondoka akaacha milango imeng'oka,
vyumba vimepanuka ovyo, havifagiliki,
na humo wamehamia wengine
wasio na haraka.

Ukiwaotesha kwenye sahani wananukia tamu, kama zabibu.
Hilo sijamwambia mama.
Wamejifunika utando, kama ule wa maziwa yaliyopoa,
na dawa inateleza juu yake
kama mvua kwenye jani la gimbi.
Sindano wiki mbili, nafuu wiki tatu.
Kisha tena ndoo, kamba, kisima.

Na anayechoma si mdudu peke yake.
Ni askari wa mwili wake mwenyewe,
wanaofika usiku na mienge kumsaka mwizi
wakateketeza shamba.
Hata mwizi akifa, vipande vya koti lake
vinaelea kwenye makohozi;
askari akiona kitambaa tu, anawasha upya.

Mchana Dokta Kiwia alinipa chupa
ndogo kuliko kidole gumba.
Peptidi, alisema. Mnyororo mfupi,
pingili ishirini na tatu, nilizihesabu kwenye karatasi.
Mfano wake ulitoka kwenye ngozi ya chura.
Nilicheka. Niliwakumbuka vyura wa mfongo kule Kibosho,
tuliowarushia mawe tukichota maji ya ng'ombe:
wamelala kwenye tope mwaka mzima
na hatukuwahi kumwona mwenye kidonda.

Ina kazi mbili, na ya pili ndiyo iliyonikalisha kitini.
Inatoboa ukuta wa mdudu.
Halafu inavikumbatia vile vipande vya koti,
inavifunga, askari asivione,
na mwenge unakosa sababu.

Mama alichambua kahawa miaka kumi na tisa,
kiwandani, meza ndefu, vumbi la maganda likipanda.
Nyeusi kushoto. Iliyotobolewa kushoto. Nzima kulia.
Vidole vyake vilijua kabla ya macho.
Jioni nilipomweleza aliuliza swali
ambalo Dokta Kiwia analijibu kwa kurasa saba:
"Kinajuaje kipi ni changu na kipi ni cha mdudu?"

Kwa chaji, mama. Ngozi ya mdudu ni hasi kuliko yako,
chenyewe ni chanya, wanavutana.
"Aa. Mbovu inajitangaza mkononi."

Sikumwambia yote.
Kwamba kwenye makohozi halisi, yake, ya Alhamisi,
usaha ulimkatakata mchambuaji
kabla hajafika mezani.
Kwamba kwenye sahani tunashinda, kwenye kikopo tunashindwa,
na kati ya panya na mtu kuna barabara
ambayo sijui ni ya miaka mingapi.

Aliuliza mwenyewe. "Nitakuwepo?"
Nikasema tunabadilisha pingili ya nne na ya kumi na moja,
ziwe ngumu kukatika.
Akanyamaza. Akavuta ungo wa mchele,
akaanza kutoa mawe.
"Basi badilisheni. Mimi nitakohoa polepole."

Leo Alhamisi nyingine. Mlima umejifunika.
Nimechelewa kuamka; kikopo nimekikuta mezani,
kimefungwa, bado cha moto,
kimeandikwa kwa mkono wake uliopinda:
jina, siku,
na chini kabisa, kwa herufi kubwa,
CHAMBUENI VIZURI.